NANI ALIYEIULIZA KAMBA?

Msomaji mpendwa, lichukue jina la riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta N'kuvute, ulitazame jinsi mwalimu wa sarufi anavyolitazama. Utapata maneno mawili na watu wawili. Kuna wewe unayeamrishwa uvute, na kuna mimi ninayeahidi kukuvuta. Mvutano umekamilika. Lakini kuna kitu cha tatu ambacho jina hilo halikitaji, nacho ndicho kinachoshikwa, kinachokazwa na kinachochanika nyuzi. Kitu hicho ni kamba.

Sisi wa kidato cha tatu tunazijua tamathali za usemi kwa hesabu ya alama. Tukiulizwa, tunaandika "tashbihi", tunatoa mfano mmoja, tunaruka mstari, tunaandika "istiara", tunatoa mfano mwingine, halafu tunafunga karatasi na kungoja kengele. Mimi pia nafanya hivyo, na sitaacha, maana alama ni alama. Hata hivyo riwaya hii, ambayo wala haimo katika vitabu vyetu vya mtihani, imenionyesha jambo ambalo orodha yetu haikunionyesha. Tamathali si maua ya kupambia ukumbi wa harusi. Tamathali hufanya kazi. Inaweza kumfungia mtu mlango, na inaweza kuufungua.

Kwa wasiokijua kitabu, nitaeleza kwa ufupi. Shafi Adam Shafi ni mzaliwa wa Unguja. Alianza kujulikana kwa Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), kisha Kuli (1979), hadithi ya wachukuzi wa bandarini iliyojengwa juu ya mgomo wa Unguja wa mwaka 1948. Vuta N'kuvute ilitolewa mwaka 1999 na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam, na mwaka 2021 Amil Shivji aliitoa filamu yake. Mambo yake yanatokea Unguja katika miaka ya 1950, wakati sultani alipokuwa juu ya kiti na Mwingereza akawa juu ya sultani. Yasmin, msichana mdogo wa jamaa ya Kihindi, anaozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka ambaye kwa umri angefaa kuwa babake. Ndoa hiyo inamshinda. Anapoikimbia, jamaa zake wanamfungia mlango. Anayempokea ni Mwajuma, Mwafrika, maskini wa mali lakini tajiri wa moyo, anayekaa Ng'ambo. Huko anakutana na Denge, kijana wa siasa anayeandamwa na polisi wa Mwingereza kwa sababu ya maandishi yaliyopigwa marufuku. Mwisho wake sitausema, asije asiyekisoma akaniapiza.

Basi turudi kwenye kamba yetu. Mvutano wa wazi kitabuni ni kati ya Denge na Inspekta Wright, yaani kati ya wanaodai nchi yao na waliokuja kuitawala. Hata jina la Koplo Matata, msaidizi wa Inspekta, ni majazi yanayotuambia kazi yake kabla hajafanya lolote. Msomaji wa haraka atasema jina la kitabu limekwisha hapo. Lakini mimi, msichana wa miaka kumi na sita, macho yangu yalimwangukia Yasmin. Raza anamvuta huku, jamaa wanamvuta kule, heshima ya kabila inamvuta, mapenzi yanamvuta, siasa nazo zinamvuta. Mwanzoni Yasmin si mvutaji katika mchezo huu. Yeye ndiye kamba yenyewe. Tena kamba, jamani, haiulizwi. Hakuna timu iliyowahi kuinamia kamba ikasema, "Samahani, wewe wataka kwenda wapi?"

Ninavyoona mimi, uhuru wa Yasmin hauanzi siku anapopata mapenzi, wala siku mambo ya siasa yanapofika kwake. Unaanza siku anapotoka nyumbani kwa mumewe bila ruhusa ya mtu. Siku ile kamba imeota mkono, nayo ikavuta. Mwandishi hakulazimika kutuhubiria kuhusu haki za mwanamke. Jina la kitabu lilikuwa limeshatupa picha, ikabaki kwetu kuuliza nani yuko wapi katika picha hiyo.

Istiara ya pili iliyonikalia moyoni haionekani kama istiara hata kidogo, kwa kuwa ni jina la mahali. Nasema Ng'ambo. Zamani mji wa Unguja uligawanywa na mkono wa bahari. Upande mmoja palikuwa na Mji Mkongwe wa nyumba za mawe, upande wa pili vibanda vya udongo na makuti, na kati yake daraja. Waliokaa kwenye mawe waliwaita wale wengine watu wa ng'ambo. Kwetu Mombasa neno hilo ni la kawaida. Ukivuka maji umekwenda ng'ambo, na aliyekwenda Ulaya naye kaenda ng'ambo. Lakini neno "ng'ambo" lina siri moja. Halina maana mpaka ujue msemaji amesimama wapi. Mtu wa Ng'ambo, akiwa kwake, angeweza kabisa kuuita Mji Mkongwe ng'ambo. Hakuuita hivyo, kwa sababu mwenye nguvu ndiye aliyesimama mahali pa kuhesabia.

Sasa sikilizeni la ajabu. Yale maji yalifukiwa. Wakati wa Waingereza mkono ule wa bahari ulijazwa udongo hatua kwa hatua, na leo mtu anavuka kwa miguu mikavu, soko la Darajani liko pale pale na daraja lenyewe halipo. Maji yamekwisha, jina la Ng'ambo limebaki. Nilipolifahamu hilo niliweka kitabu chini. Ndivyo ubaguzi ulivyo! Kizuizi chaweza kuondoka, kikaacha neno nyuma yake, na neno likaendelea kufanya kazi ya kizuizi. Ndiyo maana Yasmin anapokwenda kukaa kwa Mwajuma, mwendo wake ni wa dakika chache tu kwa miguu, lakini machoni pa jamaa zake amevuka bahari.

Huenda mtu akasema, hayo ni ya Unguja, sisi wa Makadara yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Mwambao huu wetu, maili kumi kutoka baharini kwenda bara, ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na Waingereza waliuendesha kwa niaba yake kuanzia mwaka 1895 mpaka 1963. Bendera nyekundu ya sultani ilipepea juu ya Ngome ya Yesu miaka yote hiyo, na Mwingereza wetu alikuwa ndugu wa Mwingereza wao. Alipenda sana daftari. Katika daftari lake mtu hakuwa mtu kwanza. Alikuwa Mzungu, Mhindi, Mwarabu au mwenyeji, na mengine yalifuata hapo: shule ya mtoto wake, hospitali, kodi, mshahara. Mwanamume Mwafrika wa Kenya alitakiwa kubeba kipande, sheria iliyopitishwa mwaka 1915 na kushika kasi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wengi walikitia katika kikopo cha bati na kukivaa shingoni kwa uzi. Hebu lisikie neno lenyewe: kipande. Mzima anaitwa kwa kipande chake. Sijui ni mzee gani aliyekiita hivyo mara ya kwanza, lakini kama alikuwa mwanafunzi wangu ningempa alama zote.

Na mtaa wetu wenyewe ni ushahidi wa jambo jingine. Hapa Makadara kuna msikiti wa Mabaluchi, ambao babu zao walikuja pwani kama askari wa masultani. Ukitoka hapo kuelekea Mji wa Kale, hatua chache tu, utawapita wenye asili ya Hadhramaut, wenye asili ya Kachchh, Wabajuni, Wamijikenda, Wakamba, na watu kama sisi ambao tukiulizwa asili tunaanza kuhesabu vidole vikatuishia. Wote wananunua mahamri kwa mama mmoja. Asubuhi hakuna ng'ambo. Ng'ambo huja jioni, mambo ya kuoana yakitajwa.

Hapo ndipo kitabu kiliponiingilia nyumbani. Kaka yangu mkubwa alimpenda binti wa jamaa moja ya Mji wa Kale, jina lao nitaliweka, kwa kuwa ni watu wa heshima zao na mimi sikuja kuwaanika. Binti naye, kwa ninavyojua, alimpenda kaka. Wazee wetu wakajipanga, ami zangu wawili na jirani mmoja mwenye ulimi mzuri, wakapeleka posa. Walipokewa kwa taadhima. Walipewa kahawa chungu, wakapewa halua, wakaulizwa hali za watoto na za biashara. Posa ilipotajwa, mwenye nyumba alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Ndugu zangu, nyinyi ni watu wema. Lakini jahazi letu lina bandari zake lilizozoea." Na bi mkubwa wa nyumba, nyuma ya pazia, akakamilisha, "Maji na mafuta hayachanganyiki, si kwa ubaya."

Ami mdogo aliporudi alisema, "Tumekataliwa, lakini wametujibu vizuri." Nyanya alikuwa akikuna nazi. Hakuinua uso. Akasema, "Wametutukana kwa halua."

Niliyatafakari maneno ya nyanya siku nyingi. Katika jibu lile hamkuwa na neno hata moja la kabila. Hakuna aliyetaja rangi, nywele wala asili. Lau wangesema wazi, "Nyinyi weusi mno kwetu," ami zangu wangejua la kujibu, au wangesimama na kuondoka kwa hasira. Walipoambiwa habari za majahazi na mafuta, wangejibu nini? Huwezi kugombana na jahazi. Ndipo nilipoona kwamba tamathali nayo yaweza kuwa kanzu nyeupe iliyovaliwa juu ya nguo chafu. Inampa msemaji mahali pa kujificha, na anayeambiwa anaachiwa mzigo wa kutafsiri tusi lake mwenyewe, kisha aseme asante kwa kahawa.

Nikafanya kama tunavyofanya darasani. Nikaandika: jahazi ni istiara. Jahazi ni nani? Ni yule binti. Bandari ni nani? Ni mume. Nahodha je? Hapo nikasita. Katika picha ile nahodha ni baba, wenye kuchagua bandari ni wazee, na jahazi, msomaji mpendwa, halisemi. Linapakiwa, linapakuliwa, linatwekwa tanga. Ni kamba ile ile ya Yasmin, safari hii imetengenezwa kwa mbao. Niliwauliza nyumbani, "Binti mwenyewe alisemaje?" Wakatazamana. Hakuna aliyemuuliza, si wao, na, ukweli usemwe, si sisi. Posa yetu nayo ilikwenda kuomba jahazi.

Nilipolileta jambo hili katika mkutano wa chama, mwalimu mmoja alinipinga, na nilifurahi kupingwa. Alisema, "Wewe unayapa maneno nguvu yasiyokuwa nayo. Mtu haumizwi na istiara. Anaumizwa na tendo. Hata wangetumia lugha kavu, posa ingekataliwa vile vile." Ni kweli, ingekataliwa. Lakini nilimjibu hivi, kwa adabu. Yule bi mkubwa aliposema maji na mafuta hayachanganyiki, hakuwa akificha tu. Alikuwa akiamini. Msemo ule ulimsaidia kuiona desturi ya watu kana kwamba ni kanuni ya maumbile. Desturi unaweza kuiuliza: nani aliyekuweka, na kwa faida ya nani? Maji na mafuta huwezi kuyauliza. Mwingereza na daftari lake alifanya lilo hilo. Aliandika mipaka kwa wino, kisha akawafanya watu waamini kuwa mipaka hiyo ilizaliwa nao. Kabla tendo halijatendwa, lazima kwanza lionekane la kawaida, na kulifanya lionekane hivyo ni kazi ya lugha.

Kwa hiyo dawa yake nayo itoke katika lugha. Siku moja nilimwambia nyanya, "Lakini nyanya, si kweli kwamba maji na mafuta hayachanganyiki?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama jua ni moto. Akaniambia, "Njoo hapa. Hii nini?" Nikasema, "Tui." "Na tui lina nini ndani?" Nikanyamaza. "Lina maji, lina mafuta. Yamo humu tangu nazi ikiwa mtini. Wewe wala wali wa nazi kila Ijumaa, umewahi kuyaona yakigombana?" Kisha akaongeza, huku akikoroga, "Ila usiliache likachemka bila kulikoroga. Litakatika."

Huo ndio uhakiki bora wa fasihi niliowahi kuusikia, na umetoka kwa mtu asiyejua kusoma wala kuandika. Nyanya hakuikataa istiara ya watu wale. Aliichukua, akaipeleka jikoni, akaijaribu, ikaonekana si kweli. Tena hakunidanganya kwamba mambo ni rahisi. Kuchanganyika kunataka mkono unaokoroga bila kuchoka, la sivyo tui hukatika, mafuta yakaelea juu na maji yakabaki chini.

Nadhani Shafi naye anafanya kazi kama hiyo. Analichukua neno Ng'ambo, lililotumika kudharau, na kulifanya mahali ambapo Yasmin anapata chumba, rafiki na sauti yake. Anayeitwa wa chini ndiye anayefungua mlango, na wenye nyumba za mawe ndio wanaoufunga. Msomaji akimaliza, neno Ng'ambo limegeuka mdomoni mwake. Hilo hotuba haliliwezi, wala sheria.

Maana sheria tulishazipata. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakaja mapinduzi, na damu ikamwagika kwa sababu, pamoja na mengine, ya hayo hayo makundi ya daftarini. Kenya ilipata uhuru wake tarehe 12 Desemba 1963, na mwambao ukawa wa Kenya siku hiyo. Bendera ya sultani ikashuka Ngomeni. Mwingereza akafunga daftari lake akaenda zake. Lakini hakuna tarehe iliyotangazwa ya kuyafukia maji yaliyomo katika maneno yetu. Kazi hiyo tumeachiwa sisi, na haina sikukuu.

Naleta basi pendekezo kwa wanachama wenzangu. Tuanzishe daftari la chama, tukusanye humo mafumbo na misemo tunayoisikia majumbani, vibarazani na ndani ya matatu, hasa ile inayozungumzia watu kwa asili zao au wasichana kwa mafumbo ya vyombo, maua, nguo na mizigo. Kila msemo tuuulize maswali matatu. Kwanza, nani amesimama wapi anapousema? Pili, je, ukipelekwa jikoni au baharini kujaribiwa, ni kweli? Tatu, na hili ndilo kubwa, katika picha hiyo nani ni kamba, na je, amewahi kuulizwa?

Kaka yangu bado hajaoa. Yule binti yuko chuoni, na nasikia amewaambia wazee wake kwamba hataolewa na yeyote, wa bandari hii wala ile, kabla hajamaliza masomo. Ami mdogo alipoisikia habari hiyo alitikisa kichwa akasema, "Msichana huyo mkaidi." Nyanya akamwomba amletee nazi mbili. Mimi nikaingia chumbani kuandika makala haya, na katika daftari langu, chini ya neno la ami, nimeandika swali la kwanza.